Ukitaka biostatistiki ya afya ya mazingira, anzia maabara

Wanaotaka kusoma uzamili au uzamivu wa biostatistiki, yaani takwimu za afya na viumbe hai, ili wafanye utafiti wa afya ya mazingira huniuliza kwanza kuhusu hisabati. Hisabati utaimudu. Ukija na kalkulasi, matriki na nadharia ya uwezekano vikiwa bado vimo kichwani, mwaka wa kwanza utapita kwa jasho la kawaida. Shida iko kwenye namba unazokabidhiwa.

Hilo lilinikaa vizuri niliposimama kando ya fundi wa maabara akipima vichujio vya vumbi. Kichujio hupimwa uzito kabla ya kufungwa kwenye pampu ya hewa, kikirudi kinapimwa tena, na tofauti ndiyo vumbi. Tofauti yenyewe huhesabiwa kwa maikrogramu, kwa hiyo kichujio hulazwa kwanza kama saa 24 kwenye chumba chenye joto na unyevu unaodhibitiwa, maana unyevu nao una uzito. Vingine hubebwa mpaka uwandani na kurudishwa bila kupitishiwa hewa. Vikirudi vizito, ujue kuna uchafu ulioingia njiani. Hayo yote huyaoni kwenye faili. Ndiyo maana mimi huomba daftari la maabara kabla ya kuomba data.

Halafu kuna suala la sifuri. Mashine inayotafuta madini ya risasi kwenye damu, au mabaki ya viuatilifu kwenye mkojo, ina kiwango ambacho chini yake haiwezi kukuambia kitu cha uhakika. Sampuli ikiangukia huko, mmoja ataandika sifuri, mwingine ataacha wazi, wa tatu ataweka kiwango hicho kikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Mbinu hii ya mwisho haina madhara makubwa sampuli za namna hiyo zikiwa chache. Zikifika nusu, inapotosha wastani na mtawanyiko pia. Hapo ndipo somo la uchambuzi wa muda wa kuishi, ambalo wengi hudhani ni la wagonjwa wa saratani tu, linapokuokoa: zana zilezile za kushughulikia mgonjwa ambaye hatujui atafariki lini hugeuzwa upande wa pili, zikashughulikia kipimo tunachojua tu kwamba kiko chini ya kiwango fulani. Usilikwepe somo hilo, hata kama ratiba inakuruhusu.

Programu nazo zichunguze. Mwaka 2002 ilibainika kwamba modeli za GAM (modeli za takwimu zinazoruhusu uhusiano uliopinda, si mstari ulionyooka tu) zilizotumika kuhusisha uchafuzi wa hewa na vifo zilikuwa zikisimamisha hesabu mapema mno, kwa sababu mpangilio wa awali wa programu ya takwimu ya S-Plus ulikuwa mlegevu. Utafiti wa miji 90 ya Marekani ulipochambuliwa upya, ongezeko la vifo kwa kila maikrogramu 10 za PM10 (chembe za vumbi zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10) katika mita moja ya ujazo lilishuka kutoka asilimia 0.41 hadi 0.27, na kwa modeli ya aina nyingine 0.21. Uhusiano ulibaki, ila ukubwa wake ulipungua sana. Na wale walikuwa mabingwa wa fani. Leo wengi tunatumia R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure, lakini nayo ina mipangilio ya awali iliyochaguliwa na mtu mwingine, isome.

Kuhusu chuo, jina lisikubabaishe. Tazama msimamizi anachapisha na nani. Kama waandishi wenzake ni wanatakwimu watupu, utafunzwa nadharia safi na data za kuigiza. Mtafute mwenye wanakemia, madaktari na watu wa hali ya hewa kwenye makala zake, kisha uwaandikie wanafunzi wake wawili watatu uwaulize swali moja: data mliyochambua, mlishirikishwa kabla haijakusanywa au mlitumiwa ikiwa imeshakamilika?