Maswali yenu: maji, umeme na nguvu ya soko Lubumbashi

Huku Katuba bomba limekauka, tunanunua bidoni kwa jirani mwenye foraji, kisima cha pampu. Maji ya umma yamekwisha uzwa? (Mama wa Katuba)

Hayajauzwa, mama. Yameachwa, na hilo linaniuma zaidi. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliwafungulia watu binafsi mlango, ila kwa mkataba na mamlaka ya umma. Jirani yako hana mkataba na mtu: umeme ukikatika pampu inalala, bidoni inapanda bei siku ileile, na hakuna anayekuja kupima kama kisima kiko mbali na choo. Simwiti mwizi, amejaza pengo. Lakini komine inaweza kudai mambo mawili kuanzia kesho: bei ibandikwe mlangoni, na maji yapimwe.

Kuna miji iliyorudisha maji mikononi mwake? (Mwanafunzi, Kampemba)

Ipo. Dar es Salaam ilikabidhi maji kwa kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003. Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba, ikisema kampuni haikutimiza ahadi, na mzozo ukaishia kwa wasuluhishi. Paris ilikwenda kwa utulivu: ilingoja mikataba ya kampuni binafsi za Veolia na Suez imalizike, ikachukua huduma tarehe 1 Januari 2010, na mwaka 2011 ikapunguza bei kwa asilimia 8. Berlin, kwa upande wake, ililazimika kununua tena hisa za shirika lake la maji ilizokuwa imeuza. Kwa hiyo, kijana, ukisikia mkataba unasainiwa, uliza kwanza unaisha lini na kuuvunja kunagharimu nini.

Kwa nini migodi ina umeme na sisi tunapika kwa makala? (Baba wa Ruashi)

Kwa sababu mgodi unaweza kulipa kabla. Bwawa la umeme la Mwadingusha, la mwaka 1930, lilifufuliwa kwa fedha za kampuni ya mgodi. SNEL, shirika la umeme la taifa, inalipa deni hilo kwa kupunguza faktura za umeme za kampuni hiyo. Mitambo imepona, na hilo ni jema. Kosa ni kuacha mikataba ya namna hiyo bila kifungu kinachotaja megawati ngapi zinabaki kwa mitaa. Hapo ndipo wabunge wa jimbo wanapaswa kubanwa, baba.

Kampuni binafsi zifukuzwe zote? (Kamalondo)

Hapana. Sheria ya umeme ya 2014 iliziruhusu. Zije, lakini mkataba usomwe hadharani, kwa Kiswahili.