Mto uliokaa chini ya barabara: Seoul tuanzie wapi?

SWALI: Habari zenu. Mimi na mama tutapitia Seoul, Korea Kusini, na tutakuwa na nusu siku tu ya kuzurura. Nimeskia kuna mto katikati ya jiji ulifunikwa wakajenga barabara juu yake alafu baadae wakabomoa wakaurudisha. Hivi ni wa asili kweli au pambo tu? Na tuanzie wapi, maana mama magoti yanamsumbua.

JIBU: Msalimie sana mama. Mto unaitwa Cheonggyecheon, na nendeni kabisa. Kuanzia 1958 waliufunika kwa zege, baadae juu yake ikaja barabara ya magari iliyoinuliwa kwa nguzo, yaani watu wakawa wanapita juu ya mto miaka na miaka bila kuuona. 2003, meya akiwa Lee Myung-bak, wakaanza kubomoa, na Oktoba 2005 mto ukafunguliwa, kama kilomita 5.8 hivi, na kuingia ni bure.

Kuhusu uasili, maji mengi yanavutwa kwa pampu kutoka Mto Han, kwahiyo wanaosema ni mto wa kutengeneza hawajakosea. Ila samaki wamo, ndege wa miguu mirefu wanasimama majini wanawavizia, na kipindi cha joto kule chini kuna ubaridi kuliko barabara za jirani, walipima wakakuta tofauti inazidi nyuzi 3. Kwangu mimi hilo si pambo.

Wageni wengi wanaishia Cheonggye Plaza mto unapoanzia, wanapiga picha kwenye maporomoko basi wanarudi hotelini, na hapo ndo wanapokosa uhondo, maana mwanzo ni mawe na kuta tupu. Fuateni maji kuelekea mashariki. Mbele kidogo tu kuna daraja la Gwangtonggyo, mwaka 1410 mfalme Taejong alilijengea mawe ya kaburi la malkia Sindeok, mama yake wa kambo ambaye hawakupatana, na ukichungulia chini yake utaona michoro imechongwa vizuri sana ila mawe mengine yamewekwa kichwa chini miguu juu. Huko chini zaidi kingo zinapanuka, kuna matete na miti, na nguzo chache za ile barabara wameziacha zimesimama palepale.

Mama asitembee yote. Sehemu nyingi unashuka kwa ngazi, njia za mteremko ni chache, kwahiyo muoneshe mwanzo na daraja, mpande juu mchukue teksi mpaka makumbusho ya mto, mshukie tena huko. Mtakuta mawe yamepangwa majini ya kuvukia, hayo ruka wewe, yeye apite darajani.

Mwisho, angalieni mvua. Mto uko chini kuliko mtaa na kuta zina milango inayomwaga maji ya barabarani, mvua kubwa ikipiga maji yanajaa fasta mno na njia zinafungwa. Mkiambiwa tokeni, pandeni saa hiyohiyo, msisubiri kumalizia picha.