Kusoma Biblia peke yako: anza na Marko

Dada wa Tukuyu, unasema kila Januari unaanza Mwanzo na kukwama Mambo ya Walawi. Si uvivu, umeanzia pagumu. Anza na Injili ya Marko: sura 16, mbili kila alfajiri kabla ya kwenda kuchuma chai, siku 8 umemaliza. Kisha rudia polepole, mistari kumi kumi, ukiandika daftarini nani anasema, anamwambia nani, kwa nini.

Kosa kubwa ni kunyofoa mstari. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote", watu huushika kwa mtihani na biashara. Soma 4:11-12 uone Paulo anazungumzia kuridhika, akishiba au akiona njaa. Neno la tafsiri ya Union Version likikushinda, linganisha na tafsiri ya Habari Njema.