Maswali ya wiki: viatu ndani ya paipu

Tangu niseme humu kwamba viatu vya nyumbani kwangu vinalala kwenye vipande vya paipu la choo, maswali hayajakatika. Haya ndiyo ya wiki hii. (Paipu ni jipya, jamani, msinitazame hivyo.)

*Fundi, nimenunua paipu la inchi 4 Darajani, kiatu cha mume wangu hakiingii. Nimekosea wapi? – Mama wawili, Mwembetanga*

Paipu ndilo dogo, shoga. La inchi 4, yaani milimita 110, ndani linabaki na kama sentimita 10 tu. Hilo wape watoto, viatu vya skuli vitaenea. Baba mtafutie la milimita 160, dukani huliita inchi 6: kiatu kimoja kila tundu, au ndara jozi nzima, moja juu ya mwenzake. Paipu la mita 6 ukilikata sentimita 29 unapata vipande 20. Lakini usikimbilie kununua zima. Pita penye jengo linalopanda, muulize fundi bomba mabaki yake. Vipande vyangu saba vya mwanzo sikuvilipia hata shilingi.

*Nikikata linakwenda upogo. – Kijana wa Wete*

Kitu cha duara kinadanganya macho. Lizungushie paipu ukurasa wa gazeti, kingo zake zikutane sawasawa, kisha piga kalamu kufuata karatasi. Msumeno wa chuma usiushushe moja kwa moja: kata kidogo, zungusha paipu, kata tena. Halafu msasa, ndani na nje. Mimi cha kwanza nilikiacha na ncha, kikakwangua makubadhi mapya ya Idi. Mkwaruzo upo mpaka leo, na mwenye makubadhi hajanisamehe.

*Gundi gani inashika? – Chake Chake*

Gundi ya paipu. Inayeyusha plastiki pande zote mbili, zikikauka zimekuwa kitu kimoja. Ila maduara mawili hugusana kwenye mstari mwembamba tu, kwa hiyo mstari huo upige msasa, ufute vumbi, paka, bana kwa vibanio vya nguo mbele na nyuma, ulaze mpaka asubuhi. Fanyia uani. Mvuke wake mkali na unashika moto, usiusogeze karibu na seredani.

*Naweza kutundika ukutani? Tunakaa Mji Mkongwe. – Binti wa Shangani*

Usitoboe, mwanangu. Kuta zile ni mawe na chokaa, msumari utatoka na unga wake. Panga sakafuni, vinne chini, vitatu juu yake, ubao pande mbili visibiringike.

*Masika viatu vya ngozi havitaota koga humo? – Mkoani*

Vitaota ukiziba nyuma. Acha midomo yote miwili wazi, na nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani. Kiatu kilichorowa kikae barazani kwanza.