Muulize Shangazi: "Baba, huyu mweusi ni mwizi au ni wa kufa?"

Shangazi, shikamoo. Nimepata flashi yenye tamthilia za zamani za upelelezi za Kimarekani, zile nilizozisikia tu nikiwa kijana. Jioni natazama na binti yangu Neema, yuko kidato cha pili. Kila akitokea mtu mweusi ananiuliza, "Baba, huyu ni mwizi au ni wa kufa?" Mama yake anataka nizifute, anasema zinamfundisha mtoto kujidharau. Nifanyeje?
*Baba Neema, Nkuhungu, Dodoma*

Marahaba, Baba Neema. Usifute kitu. Mimi miaka ya 1990 nilikuwa nakodisha kanda za video karibu na soko la Majengo, na jambo aliloliona mwanao lilinichukua miaka kuliona. Mtoto anayeuliza hivyo hajidharau, macho yake yako wazi.

Ila mwongezee maswali mawili. Huyu mtu amepewa kazi gani? Na akitoka kazini anarudi kwa nani?

Mwonyeshe Mission: Impossible. Ilianza 1966, mwaka mmoja tu baada ya Marekani kupitisha sheria ya kulinda haki ya watu weusi kupiga kura. Humo Greg Morris ni Barney Collier, fundi wa mitambo, na bila mikono yake kikosi kizima cha majasusi hakiendi popote. Nilikuwa na mteja, fundi redio wa Makole, aliyeikodi kanda ileile mara tatu kwa ajili ya Barney. Alikuwa anairudisha nyuma pale anapounganisha nyaya, mpaka picha ikaanza kukwaruza. Sikumdai fidia. Swali la pili ndilo linalobaki wazi: nyumbani kwa Barney tunapajua kidogo mno, ingawa hata wenzake weupe waliandikwa hivyohivyo.

Kwenye Mannix ni kinyume. Gail Fisher aliingia 1968 akiwa Peggy Fair, katibu muhtasi wa mpelelezi. Kazi ni ya kupokea simu, na steringi ni yule bosi mweupe. Lakini Peggy ni mjane wa polisi, analea mtoto wa kiume. Mimi nililea wawili peke yangu baada ya baba yao kufariki, na sikuwahi kuona mwanamke mweusi kwenye runinga akiwa na maisha niliyoyafahamu mpaka nilipomwona yeye. Mwaka 1970 Fisher alipata Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, akiwa mwigizaji wa kwanza wa kike mweusi kuipata. Neema alijue jina hilo.

Na jambo hili si la watu weusi tu. Kuna Hawaii Five-O, ya 1968 hadi 1980. Kam Fong, mwenye asili ya Kichina, aliyeigiza kachero Chin Ho, alikuwa polisi kweli mjini Honolulu kwa miaka 16 kabla ya kuwa mwigizaji. Mwenyeji wa visiwa vile, kazi anaijua, lakini kwenye hadithi anapokea amri za McGarrett, bosi mweupe, msimu baada ya msimu. Hapo huwa naumia hadi leo.

Kwa hiyo usihesabu sura tu, Baba Neema. Wanaweza kuwa watano na wote wakawa wa kufungua geti.

Na mama Neema mwambie hofu yake ina msingi, ila isiishie Marekani. Sisi hapa Dodoma tumetazama michezo yetu wenyewe mara ngapi, Mgogo akaingia akiwa ombaomba, au mlinzi wa geti anayechekwa kwa Kiswahili chake? Tumecheka nao. Mimi nimecheka, na baba yangu ni Mgogo wa Mvumi.

Mkimaliza flashi, muulize Neema ni lini aliona Mgogo akiwa mpelelezi kwenye tamthilia ya Kitanzania, mwenye ofisi, na mke anayemsubiri na ugali wa uwele. Akimpata, aniandikie. Nitalichapa jina la tamthilia hiyo hapahapa.