Uliza Mwalimu: Nchi isiyonitambua inanidai nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Shimoni huku Kwale, pwani ya Kenya, babu yangu alitoka Pemba kabla ya uhuru akazikwa hapahapa, baba kazaliwa hapa na mimi nimezaliwa hapa. Serikali ilipowatambua Wapemba 2023 na watu wakaandikishwa mimi nilikuwa dago (kambi ya wavuvi mbali na nyumbani), kurudi nakuta zoezi limeshapita, wenzangu wana vitambulisho mimi sina mpaka leo, nikienda kwa chifu ni leta hiki leta kile. Laini ya simu nimesajiliwa na shemeji, leseni ya uvuvi siwezi kukata kwa jina langu, samaki namuuzia tajiri kwa bei anayoitaka yeye. Juzi barazani mzee mmoja akasema vijana tuache kulalamika tufikirie tunalifanyia nini taifa. Iliniuma sana. Sasa nauliza, taifa ambalo halinijui mimi linanidai nini? Na mimi nalidai nini? (Kijana wa dago, Shimoni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mzee wako wa barazani mwambie kwa heshima kwamba taifa ulishaanza kulifanyia zamani. Kila lita ya petroli unayotia kwenye mashine ya boti ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, sabuni unayonunua ina kodi, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyekwambia lete kitambulisho ndo nikukate kodi. Kwa hiyo mkono wa kuchukua unakujua vizuri, uliokusahau ni ule wa kutoa, na mtu akilisema hilo halalamiki, anadai chake.

Haki yako si ya kubembeleza. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 15, linasema kila mtu ana haki ya uraia. Halafu kuna Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, huu mimi naupenda kwa sababu unataja na wajibu wa mtu, na kifungu cha 27 kinaupanga hivi: wajibu kwa familia, kwa jamii, kisha kwa dola. Angalia familia na jamii zimetajwa kabla ya dola. Lakini mkataba huohuo uliojaa wajibu haukuandika popote kwamba Mwafrika ana haki ya uraia, na hilo pengo limeumiza watu wengi, we ukiwa mmoja wao.

Sasa nije kwa chifu na hayo makaratasi ya babu. Hebu tukumbuke hiki kitambulisho kilianzia wapi. Sheria ya mkoloni ya 1915 ndo iliyoleta kipande, mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 anavalishwa kikopo cha chuma shingoni, ndani kuna karatasi yenye alama za vidole vyake na tajiri aliyemwajiri, akikamatwa hana anashtakiwa. Kilitengenezwa ili mtu asitoroke kazi, si ili aheshimiwe! Leo mjukuu wa mvuvi anaambiwa athibitishe kwa karatasi kwamba babu yake alikuwepo, wakati kaburi la babu liko pale na kijiji kizima kilimzika. Mimi hili linanikera kwelikweli, manake nani ajuaye kwamba wewe ni wa Shimoni kama si watu wa Shimoni? Rais hakujui, waziri hakujui, dola inakujua kwa kuambiwa na jirani zako basi.

Na ndo maana nakuomba usiende tena peke yako. Angalia Wamakonde hapohapo Kwale, wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, Kenya ikapata uhuru 1963 wao wakabaki hawana kwao, watoto wanasoma wakifika mahali pa kutakiwa cheti wanakwama, wengine wanajiandikisha kwa majina ya kabila lingine ili mambo yaende. Mmoja mmoja walihangaika maofisini miaka na miaka. Oktoba 2016 wakatoka Kwale kama kundi kuelekea Nairobi, wazee kwa vijana, pamoja na wanaharakati wa haki, mpaka wakapokewa Ikulu, rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla Desemba haijaisha, na baadaye wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Nyie Wapemba mkafuata 2023.

Kwa hiyo tafuta wenzako mlioachwa, najua hauko peke yako manake dago hamkwendi mtu mmoja. Kusanyeni kadi za kliniki, vyeti au barua za shule mlizosoma, na wazee wawili watatu wanaoweza kusimama waseme mama yako alijifungulia nyumba gani na mkunga alikuwa nani. Muoneni msaidizi wa kisheria awaandikie ombi la pamoja, mliwasilishe kwa ofisi ya usajili na mgongewe muhuri kwenye kopi yenu. Huo muhuri msisahau, bila huo kesho mtaambiwa hamkuja.

Na mzee wa barazani usimnunie, huenda kesho ndo shahidi wako.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mtanzania niko Ohio, nimechukua uraia wa Marekani ili nipate kazi nzuri. Ndugu zangu wananiita msaliti ila pesa wanapokea. Je bado nina wajibu wowote kwa Tanzania? (Dada wa Tabora)

JIBU: Pole dada. Kwa sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine wa Tanzania unakoma, kwa hiyo kwa dola deni limefutika pande zote, hupigi kura tena. Kwa familia halijafutika hata senti. Ule Mkataba wa Afrika niliomtajia kijana wa Shimoni, kifungu cha 29, unasema wajibu wa mtu ni kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wakihitaji, hausemi uwe na pasipoti gani. Kwa hiyo mama yako mtunze kama unavyomtunza, na neno msaliti lisikunyime usingizi, uliyemkosea hapo hayupo.

Jambo moja tu la haraka. Sheria ya ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, inavyosema leo muulize wakili, na wengi walioko nje hulijua hili siku ya msiba, ndugu wameshakaa kikao. Kama kuna shamba au kiwanja chenye jina lako, au mama alikuahidi, zungumza na wakili wa Tabora mwezi huu huu mama akiwa hai na akili zake timamu, na yeye awepo kwenye hayo mazungumzo.