Wadogo zangu mnaogawa nyumba kongwe, anzeni na maji

Kila kundi jipya likiingia saiti, mambo ni yaleyale: ramani mezani, mistari ya kuigawa nyumba kwa familia nne imeshachorwa, ndipo mtu anauliza bomba la choo litapita wapi. Geuzeni huo mpango.

1. Maji taka kwanza. Bomba la milimita 110 kwa mteremko wa 1 kwa 40 hushuka sentimita 10 kila mita 4. Boriti ya mbao yenye kina cha milimita 200 haivumilii tundu linalozidi milimita 50, tena litobolewe katikati ya kina chake. Kwa hiyo bomba la choo halikatizi boriti, hata fundi aape. Vyoo na majiko vikae ghorofa juu ya ghorofa, bomba lishuke wima. Mkishapata njia hiyo, mipaka ya nyumba nne itaanza kujionyesha.

2. Lipu ya saruji. Hapa nitakaa, maana hata sisi tuliowatangulia tulikosea, na kuta ndizo zilizolipa. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa usoni. Ukipigwa saruji, mwanzoni unapendeza: umenyooka, mwenye nyumba anafurahi. Lakini maji yamekosa pa kutokea. Yanapanda zaidi yakibeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Gongeni kwa kifundo cha kidole, panaita kama debe tupu. Mkibandua, saruji inaondoka na uso wa jiwe. Kibaya zaidi ni ncha za boriti zilizozama ukutani: zinaoza gizani huku sakafu ikionekana nzima. Chomeni bisibisi, ikizama bila nguvu, ncha hiyo imekwisha.

Tumieni chokaa iliyolowekwa ikakomaa, sehemu 1 kwa mchanga mkali (wenye chembe zenye ncha) sehemu 3. Loweshe­ni ukuta, tabaka moja la lipu lisizidi milimita 10, na mfunike kwa magunia mabichi, kwani chokaa hushika na kuwa ngumu polepole kwa kuvuta kabonidayoksaidi hewani. Juu yake pakeni chokaa ya maji. Rangi ya plastiki inaziba tena. Na kabla ya yote kagueni gata, yaani mifereji ya maji ya mvua paani: mara nyingi unyevu mnaodhani umepanda, umeshuka.

3. Sauti. Wekeni pamba ya madini milimita 100 kati ya boriti, na dari ya jipsamu tabaka mbili kwenye fremu yake yenyewe. Skrubu moja ikishika boriti, hatua za mtoto wa juu zitasikika chini.

4. Mita na koki za kila familia ziwe ukumbini. Milango ya zamani ipeni namba pamoja na bawaba zake kabla ya kung'oa. Kibali cha uhifadhi wa majengo ya kale kitangulie nyundo.

5. Ukuta mpya ukikutana na nakshi ya dari, msiguse nakshi jamani! Bandikeni kadibodi, choreni umbo la nakshi kila pindo, kisha kateni bodi ya ukuta mpya kwa mchoro huo, mwanya wa milimita 3 uzibwe kwa chokaa laini. Siku ukuta ukiondolewa, nakshi itabaki nzima.